Mwisho wa Bibi Kipini

Jumatano ile jioni, uani kwa Bi Zamzam, maharage yaliungua kwenye majiko na hakuna aliyejali. Wanawake wote wa nyumba, na wengine wa nyumba za jirani waliojikaribisha wenyewe, walikuwa wamemzunguka Severa. Yeye alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, gauni la kanisani bado mwilini, mikono ikipanda na kushuka utadhani ndiye aliyeitengeneza hiyo picha ya sinema aliyotoka kuitazama.

"Enhe, akamjibu nini?" aliuliza Bi Zamzam. Ndiye mwenye nyumba, mama mzima wa Kariakoo, kiongozi wa kikundi cha lelemama, ngoma ya wanawake, na kwa kawaida hakuwa mtu wa kungojea jibu la mtu.

"Hakumjibu, Bi Zamzam! Ndio utamu wenyewe huo. Mume kamkaripia mbele ya wageni, eti chakula kimepoa, eti kwenu hamkufundishwa kupakua. Bibi Kipini akaweka sinia chini taratibu, hata kijiko hakikulia. Akachukua taa yake. Taa tu, jamani! Akatoka, huyo, mpaka kwa baba yake, akafunga mlango."

"Hapo kanikosha roho," akasema mmoja, na wenzake wakapiga makofi.

Jina halisi la mwanamke huyo wa kwenye picha hata Severa hakulijua sawasawa. Walimwita Bibi Kipini kwa sababu ya kipini cha puani ambacho, kwa maelezo ya Severa, kilimulika ukumbi mzima wa sinema.

"Mume akaja kubisha. Hakufungua. Akaja tena, safari hii na mzee wa ukoo, mwenye kilemba hiki hapa. Hakufungua."

"Na mwisho wake, dada?"

Aliyeuliza alikuwa Clotilda, mdogo wake Severa, aliyekuja kutoka mtaa wa Gerezani kusalimia tu na sasa kanasa hapo ukutani, chai imempoa mkononi. Mume wake, Kasmir, alikuwa karani wa stoo kwenye karakana za reli, na ndoa yao ya kanisani ilikuwa haijatimiza mwaka. Severa alimtazama.

Tuseme ukweli sisi, maana yeye hakuusema: mwisho hakuuona. Pale uani walijua kwamba kila Jumatano, siku ya wanawake watupu, Severa huenda sinema na Sarla, mkwe wa Harilal mwenye duka la jumla, kwa kuwa wawili hao ni marafiki. "Sarla haendi bila mimi," Severa alizoea kusema, na hilo halikuwa uongo. Sarla hakuweza kwenda bila yeye kwa sababu lazima awepo mtu wa kumshika mtoto wake, Chandu. Severa alikuwa yaya. Alikaa pembeni, karibu na mlango, na Chandu mapajani. Ilipofika pale mzee wa kilemba anaondoka, Chandu akalia, na Champaben, mama mkwe wa Sarla, akageuka akaonyesha mlango kwa kidole. Basi Severa akasimama nje kwenye ujia, mtoto akamtapikia begani, na yote aliyoyapata ya mwisho yalikuwa ngoma na zumari nyuma ya pazia. Ngoma za furaha hasa. Kina mama wakatoka wakipangusa machozi. Severa akajiambia hayo machozi ni ya furaha, mtoto wa watu ameondolewa fedheha. Angesema uani kwamba mwisho hakuuona, wangeuliza alikuwa wapi.

"Mara ya tatu," akasema, na sauti ikapanda yenyewe, "mume akaja pekupeku! Na mama yake nyuma! Na lile sinia kichwani, yeye mwenyewe mwanamume! Bibi Kipini akamwambia, mlango bado umefungwa, kwamba ana mimba yake. Mume akapiga magoti. Ndipo akafungua. Ngoma hizo, zumari hizo, watu wote tunalia!"

Uani pakalipuka vigelegele. Clotilda hakupiga kigelegele. Alibaki ameegemea ukuta, midomo ikienda kidogo kidogo, mfano wa mtoto anayekariri katekisimu.

* * *

Wiki chache baadaye Clotilda alitokea mlangoni adhuhuri, jua la Kariakoo likichoma mabati, mkononi ameshika kandili.

Kandili, mchana kweupe! Hakuwa na sanduku wala furushi. Severa alikuwa anachambua mchele. Alipoiona ile taa ungo ukamwinama na mchele ukamwagika.

"Kulikoni?"

"Nimetoka," akasema Clotilda. Uso wake ulikuwa mtulivu kupita kiasi. "Kasmir kaleta wenzake wa kazini. Nimepika mtori. Akaonja, akacheka mbele yao, akasema, 'Huko kwenu Marangu hivi ndivyo mnavyowapikia ng'ombe?' Wakacheka wote. Nikaweka bakuli chini, taratibu. Nikachukua taa."

"Mdogo wangu, mtu huudhiwa, lakini..."

"Hata kijiko hakikulia, dada." Kisha akamvuta karibu, akamnong'oneza. "Nina mimba. Yeye hajui bado. Nitamwambia mara ya tatu."

Bi Zamzam alikuwa ametoka chumbani kwake, kasikia la mtori, na la taa ameliona kwa macho yake. Akapiga kigelegele kimoja kirefu, akatangaza kwamba chumba cha uani kilichokuwa na mkaa kifagiliwe, binti akae humo bila kodi mpaka huyo bwana wa reli ashike adabu. Wanawake wakaingia kufagia wakiimba. Severa alitaka kusema ukweli wa ule mwisho, lakini akainama. Akaokota mchele punje kwa punje.

Jioni Isidori, mume wake, alirudi na vumbi la magunia kwenye nyusi. Yeye ndiye msimamizi wa ghala la Harilal, na ndiye aliyeulizwa na tajiri wake kama mkewe anaweza kumshikia Chandu siku za Jumatano. Kwa hiyo yeye alijua. Alisikiliza kisa chote huku akivua viatu, halafu akashusha sauti, maana kuta za nyumba ile hazikufika darini.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba mwisho umeutunga."

"Na akiniuliza kwa nini sikuuona?"

"Umwambie ulikuwa nje na mtoto. Si kazi? Mimi nabeba magunia, kuna aliyenicheka?"

"Wewe unaitwa msimamizi, Baba Benjamini. Nani anakuita kuli?" Machozi yalimlenga Severa. "Hawa wananiita 'mwenzetu wa sinema'. Nikipita, wananisogezea kigoda. Kesho watanisogezea na nepi za watoto wao."

Isidori aliweka viatu chini ya kitanda. Na tusimsingizie wema usio wake: naye, kule ghalani, alikuwa amewaacha wenzake waamini kwamba mkewe na mkwe wa tajiri ni mashoga wa kutembeleana. Akasema tu, "Kasmir ni mtu mwema, atakuja, yataisha," akageukia ukutani.

* * *

Kasmir alikuja kweli. Alikuja Jumapili baada ya misa, na mkungu wa ndizi begani, tai imemkaba. Alisimama mbele ya kile chumba cha mkaa, uani kumejaa wanawake wanaojifanya wanafua.

"Clotilda. Nimekuja."

Mlango haukufunguka.

"Lilikuwa neno la mzaha, mke wangu. Wenzangu wenyewe wameniambia nimekosea."

Ndani akasikika mtu anaimba kwa kujibana. Ulikuwa ule wimbo wa mwisho wa picha, wenye ngoma na zumari. Santuri yake ilikuwa imefika mjini, na mkahawa wa ng'ambo ya barabara uliipiga kutwa mpaka hata wachukuzi wa sokoni walikuwa wakiuimba kwa maneno yasiyoeleweka. Kasmir alingoja mpaka shati likamlowa mgongoni. Akauegemeza mkungu kwenye mlango, akaondoka, na nyuma yake kicheko kikaruka kuta. Severa alikuwa amesimama na kikombe cha chai alichomwandalia shemeji yake. Hakupata nafasi ya kumpa.

"Moja!" akasema Bi Zamzam, akanyoosha kidole juu.

Mara ya pili Kasmir hakuja peke yake. Alikuja na Mzee Tarsis, baba yake mdogo, muuza tumbaku na ugoro pale sokoni, mtu wa kofia na fimbo. Kilemba hakuwa nacho, lakini wanawake walipomwona walibanana mbavu kwa viwiko. Mzee wa ukoo huyo hapo! Ilikuwa kama kuona picha ikitembea.

"Shikamoo, baba," Severa akampokea kwa kigoda.

"Marahaba. Sikai, mama, nimekuja kusema." Mzee Tarsis akaugeukia mlango uliofungwa. "Binti, mume wako kakosa, nami nimemkemea. Sasa sikiliza. Reli wamempa uhamisho, Tabora. Gari la moshi linaondoka Ijumaa adhuhuri. Nyumba ya huko ipo, na nauli yako ipo. Toka tuzungumze kama watu wa nyumba moja."

Ukasikika ule wimbo, polepole.

Kasmir aliinamisha kichwa. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye wino kwenye vidole, na mbele ya macho yale yote hakujua aiweke wapi mikono yake. "Severa," akasema kwa sauti ya chini, "wewe ni dada yake. Kuna kitu sikijui? Anataka nini? Aseme, nitafanya."

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Angeweza kusema, "Shemeji, anangoja uje mara ya tatu, pekupeku, kwa ajili ya upuuzi nilioutunga mimi." Maneno machache tu. Lakini Bi Zamzam alikuwa pale, na wapangaji, na majirani. Severa akakisogeza kigoda.

"Mpe muda," akasema. "Moyo wake utalainika."

Mzee Tarsis alimtazama kwa namna ambayo Severa hakuisahau. "Muda ni mpaka Ijumaa," akasema. "Hapa hatuji tena kuimbiwa."

Walipotoka, Severa alijipenyeza chumbani. Clotilda alikuwa ameketi juu ya sanduku aliloazimwa na Bi Zamzam, gauni la bluu alilokuja nalo mwilini limepigwa pasi tayari, ametandika kitanda vizuri, taa imesafishwa chemni yake ya kioo mpaka inameta.

"Umesikia? Tabora!"

"Nimesikia."

"Toka basi, mdogo wangu, uwakimbilie. Hawajafika mbali."

"Dada!" Clotilda alicheka, akamshika mkono. "Ni mara ya pili tu. Kesho au keshokutwa atakuja. Wewe mwenyewe umeona alivyofika mwisho, bado kupiga magoti tu."

* * *

Siku iliyofuata Severa alikwenda dukani kwa Harilal. Njia nzima alijipangia maneno. Angemwita Sarla pembeni, aulize mwisho wa picha kwa ujanja ujanja, arudi nao nyumbani. Pengine mwisho wenyewe ulikuwa mzuri zaidi hata kuliko wake. Pengine Bibi Kipini alitoka mwenyewe akamfuata mume. Hapo angesema alichanganya picha mbili, basi, yaishe.

Dukani, Sarla alikuwa amekaa nyuma ya meza na Chandu miguuni, Champaben kwenye kiti chake cha kamba akichambua iliki. Na mbele ya meza, anapima urefu wa khanga kwa mkono, alikuwa Bi Zamzam.

Severa alitaka kurudi nyuma. Chandu akamwona, akamkimbilia, akamkumbatia magoti.

"Severa!" akasema Sarla kwa furaha. Uani aliitwa Mama Benjamini. Hapa alikuwa Severa tu. "Leo si Jumatano."

"Mama Chandu, nilikuwa nauliza... Ile picha ya mwanamke na taa. Ule mwisho. Ulikuwaje vile?"

"Wewe hukuona?" Sarla akashangaa, halafu akajipiga kipaji cha uso. "Ah, kweli! Wewe ulikuwa nje na Chandu. Alikutapikia, masikini. Nikakwambia ukamwoshe kule nyuma kwenye bomba."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekumbuka mvua ya juzi. Bi Zamzam aliacha kupima. Khanga ikabaki imening'inia kwenye mkono wake, na hakugeuka, na kule kutogeuka kwake kukamchoma Severa kuliko macho.

"Mwisho tulilia sisi!" Sarla akaendelea. "Mara ya tatu mume haji. Yeye anasubiri na taa yake. Anasikia ngoma, anasikia zumari, anafikiri ameletewa mume. Anafungua mlango mbio. Kumbe ni harusi, mume anaoa mke mwingine, wanapita njia hiyo na bibi harusi. Ule wimbo wanaopiga mkahawani sasa, ndio huo. Wimbo wa bibi harusi mpya."

"Hiyo ya sinema," Champaben akadakia bila kuinua macho kwenye iliki. "Sinema wameharibu. Mimi msichana, kwetu waliigiza jukwaani. Hakufungua mlango hata kidogo. Alizima taa. Asubuhi watu wakakuta kitanda kitupu, na mtoni viatu vyake."

"Mama anapenda ile ya mtoni," Sarla akacheka. "Na kijitabu cha nyimbo wanachouza pale sinema ndio hakisemi kabisa. Kinaishia mlangoni, kinakwambia ukitaka kujua, njoo ukate tiketi."

Severa alisimama pale na mtoto wa watu amemng'ang'ania miguu. Kwa hiyo mwisho ulikuwepo wa kila namna, wa sinema, wa jukwaani, wa kijitabuni, na katika yote hakuna hata mmoja ambamo mwanamume anakuja pekupeku na sinia kichwani. Huo ulikuwa wake peke yake. Aliutunga ili asionekane na matapishi begani.

"Nitachukua hizi," Bi Zamzam akamwambia Sarla, akakunja khanga zake. Njia nzima alitembea mbele, Severa nyuma, mpaka walipofika barazani. Hapo akasimama.

"Nimewaambia watu wa lelemama wakitungie kisa hiki wimbo," akasema. "Nimemtia adabu mpangaji wangu kwa kukicheka. Nimemwambia yule binti, 'Usifungue, mwanangu, usifungue.' Mimi, mtu mzima." Akazibana khanga kwapani. "Mwambie wewe kabla sijamwambia mimi."

* * *

Na mnadhani alimwambia? Aliingia mle chumbani, Bi Zamzam ameketi kwenye kizingiti kama askari, akaanza hivi:

"Clotilda, nimekumbuka. Mara ya tatu Bibi Kipini alitoka mwenyewe. Alimfuata mume wake. Basi na wewe..."

"Ulisema alikuja pekupeku."

"Nilisahau."

"Mtu anasahau vyote, dada, mwisho hasahau." Clotilda aliweka chini kitambaa alichokuwa anadarizi. "Unanificha nini? Kasmir kapatwa na jambo?"

Bi Zamzam akakohoa pale kizingitini.

Ndipo Severa akasema. Alisema akiwa amesimama, akitazama sakafu, na hakupamba. Alisema ujia, na mlango, na kidole cha Champaben. Alisema matapishi na bomba la nyuma. Alisema ngoma alizozisikia nyuma ya pazia, na ngoma hizo zilikuwa za nini. Alipofika kwenye wimbo, Clotilda aliziba mdomo kwa kiganja.

"Nimemwimbia," akasema. "Amesimama hapo nje na tai yake ananiomba radhi, mimi namwimbia harusi ya mke mwingine."

"Hukujua, mdogo wangu."

"Wewe ulijua! Si wimbo, lakini ulijua hujui. Umeniona napiga pasi gauni. Umeniona nasafisha taa." Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Kwa kuogopa kuitwa yaya?"

Severa alizidi kuinama.

"Mama yetu alilima mashamba ya watu, dada. Tulijua, na tulikula. Ulidhani ningekucheka?"

Aibu ina namna yake. Severa alikuwa ameiogopa ile ya kuchekwa uani, akaikimbia wiki zote hizo, na hii aliyokuja kukutana nayo hakuwa hata ameifikiria. Alitamani amshike mdogo wake mkono, lakini hakuthubutu.

"Kesho ni Ijumaa," akasema Bi Zamzam kwa upole usio wa kawaida yake. "Funga sanduku, mwanangu. Mlango haujaoza, unafunguka kwa ndani."

* * *

Isidori aliomba ruhusa ghalani, akabeba sanduku kichwani. Walipita uwanja wa Mnazi Mmoja, watu wakijenga jukwaa la mkutano wa chama, nyundo zinalia. Clotilda alikuwa mbele katika gauni lake la bluu. Severa alifuata nyuma na kandili. Hakuna aliyemwambia aje, na hakuna aliyemwambia arudi.

Stesheni ilikuwa imefurika. Getini askari wa reli aliwazuia: msafiri na mchukuzi wake tu, wengine wabaki nje ya uzio.

"Nishikie taa," Clotilda akamwambia dada yake. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi. Akaingia.

Severa akajibana kwenye vyuma vya uzio. Alimwona Clotilda akipita behewa baada ya behewa la daraja la tatu, akichungulia madirishani. Alimwona Kasmir akitoa kichwa, na pembeni yake wale wale wenzake wa kazini waliocheka siku ya mtori, wamekuja kumsindikiza. Clotilda akasimama chini ya dirisha. Alimwashiria Isidori akae kando akiwa na sanduku. Akasema, uso juu. Kasmir akavua kofia, akainama, akasema. Moshi ukapita katikati yao. Mmoja wa wale wenzake akageuka pembeni, akawa anatazama viatu vyake. Filimbi ikalia, na Severa akaubana uso kwenye vyuma mpaka ukamuuma, lakini kelele za stesheni zilimeza kila kitu.

Gari likaondoka. Clotilda alirudi kwa mwendo wa kawaida, na Isidori nyuma yake, sanduku bado kichwani.

"Amesemaje?" Severa akauliza. "Umemwambia ya mimba? Amesema atakufuata? Amekukataa? Niambie, mdogo wangu."

Clotilda aliichukua taa yake kutoka mikononi mwa dada yake. "Huu mwisho ni wangu," akasema. "Wewe huupati."

Na hakuupata. Isidori naye hakusikia kitu, na aliapa hivyo mbele ya msalaba.

* * *

Watu hawakai na kisa kisicho na mwisho. Mzee Tarsis kwenye kibanda chake cha ugoro alisimulia kwamba mwanamke alikuja kuomba na kijana wao akakaza moyo kiume. Bi Zamzam alishikilia kwamba kijana alilia machozi mpaka wenzake wakamshika asiruke dirishani. Barua ya Isidori kwenda Marangu, kwa wazazi wa mkewe, ilisema nyumba za reli kule Tabora bado zinapigwa chokaa, ndio maana Clotilda hajaondoka. Na lelemama ya kina Bi Zamzam, sikukuu ilipofika, waliuimba Mnazi Mmoja mbele ya watu wote: mwanamke wa taa, hakuomba wala hakuombwa, kaipiga taa chini kwenye reli, vigae hivyo! Watu wakawatunza fedha. Taa yenyewe ilikuwa nzima, inaning'inia kwenye msumari chumbani kwa Clotilda.

Mtoto alizaliwa wa kiume. Mfanyakazi mmoja wa reli aliyetoka Tabora alileta vitambaa vya kumfungia na blanketi dogo, na salamu kwa mtoto, bila salamu kwa mama. Clotilda alivipokea, akavifua, akavianika. Alianza kushona nguo za watoto, akaziuza sokoni, na kwa dada yake alisema ya lazima tu, nipe maji, mvua inakuja.

Severa aliendelea kwenda Jumatano kumshika Chandu. Sasa alikwenda na gauni la kazini, na aliyemuuliza alimwambia anakwenda kulea. Vicheko vya chini chini vilikuwepo siku za mwanzo, kisha watu wakachoka. Jioni bado walimwomba awasimulie.

"...basi yule mwizi akaivua barakoa," alisema siku moja, amekaa kwenye kigoda cha kawaida pamoja na wengine, "na hapo mtoto akalia, nikatoka naye nje. Mwisho sikuuona."

Wakacheka, naye akacheka kidogo.

Palikuwa na mpangaji mgeni, Selina, mke wa fundi seremala, hajamaliza hata wiki pale. "Mbona hizi picha zenu hazina miisho?" akasema. "Haya, basi nisimulieni kile kisa cha hapa hapa, kile walichokiimba lelemama. Mwanamke wa taa. Yule mume pale dirishani alimwambia nini?"

Bi Zamzam akajifanya anatafuta ndala yake. Clotilda alikuwa pale pale karibu na jiko, ananyonyesha, na hakuinua kichwa.

Selina akamgeukia Severa, maana aliambiwa huyu ndiye bingwa wa visa. Na Severa, Mungu amsamehe, alikuwa na miisho tele. Usingizi ulikuwa umempotea miezi hiyo akiipanga: dirisha, kofia, moshi, neno hili, neno lile. Kulikuwa na mmoja mzuri sana, wa kuliza watu. Ulimfika mpaka kwenye ulimi.

"Sijui," akasema. "Mimi sikusikia. Nilikuwa nje ya uzio, nimeshika taa."

Clotilda akainua macho. Akamtazama dada yake kitambo, mchuzi unatokota jikoni na hakuna anayeukoroga. Halafu akafunga vifungo vya gauni, akanyanyuka, akaja na mtoto mpaka kwenye kile kigoda.

"Nishikie," akasema, "nikakoroge mchuzi."

Severa akampokea kwa mikono miwili, akaanza kumbembeleza, ingawa mtoto alikuwa halii.